Kipande cha Mama Akijifungua

Behewa la wanawake lilijaa, na Mrunal alijifanya anasinzia ili umbea usimpite.

“Bodi ya kukagua filamu inataka nikate kipande cha mama akijifungua,” Sulbha, mwongozaji wa filamu, alimlalamikia mama wa kiti cha kando yake aliyekuwa akimenya njegere. “Nisipokata, cheti kitakuwa cha watu wazima tu.”

“Si ukate, mwanangu? Shida iko wapi?”

“Nimewatengenezea wasichana wa shule, mama! Nikikata, watajifunza nini?”

“Na usipokata, watafukuzwa mlangoni.” Mama akamenya ganda jingine. “Mimi niliolewa sijui kitu. Uchungu uliponishika, nilidhani nakufa.”

“Kwa hiyo nisikate?”

Treni ikasimama kituo cha Dadar, na mama akabebwa na msukumano wa wanaoshuka kabla hajajibu. Mrunal akafumbua macho, mkono tumboni.

“Dada,” akauliza, “hiyo filamu itatoka kabla sijajifungua?”