Njiwa Ajaze Picha

MUWAFFAQ: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

HASNA: Assalamu alaykum. Ni mimi— [mkwaruzo] —wa Mosul.

MUWAFFAQ: Waalaykumu ssalamu wa rahmatullahi. Sauti yakatika. Nani wa Mosul? Mosul ni kubwa.

HASNA: Ndiwe Muwaffaq? Yule wa duka la kompyuta, mtaa wa Sarjikhana?

MUWAFFAQ: Nilikuwa. Duka lenyewe sasa ni mchanga na nondo. Sasa niko Dohuk, nauza chaja. Nani anauliza?

HASNA: Hasna. Mama Rua. Mke wa Dhanun.

[Mkwaruzo.]

HASNA: Haloo? Umekata?

MUWAFFAQ: Sijakata. La hawla wala kuwwata... Mama Rua! Mungu amrehemu Dhanun, amkunjulie kaburi lake. Sikuja matangani, shemeji, unisamehe. Tulikuwa kambini, na barabara—

HASNA: Hapakuwa na matanga, kaka. Nyumba ilimwangukia yeye na mama yake, na wasaka maiti walichimba wakachoka. Ungekuja kukaa wapi?

MUWAFFAQ: Mungu awalipe Pepo. Na mtoto? Rua mzima?

HASNA: Mzima. Ameanza darasa la kwanza. Ni yeye hasa aliyenifanya nikutafute. Namba yako nimepewa na Hajji Ghanim, yule muuza mtama wa njiwa.

MUWAFFAQ: Ghanim yu hai? Tena bado anauza mtama?

HASNA: Yu hai, na bado anapunja mizani.

MUWAFFAQ: [anacheka] Basi Mosul haijafa yote. Haya, shemeji, niambie. Pesa sina, ila lililo ndani ya uwezo wangu ni lako.

HASNA: Sitaki pesa. Nataka picha.

MUWAFFAQ: Picha gani?

HASNA: Ya Dhanun.

[Mkwaruzo.]

HASNA: Unanisikia?

MUWAFFAQ: Nakusikia.

HASNA: Sina hata moja, Muwaffaq. Albamu ilikuwa kabatini, kabati likaenda na nyumba. Kitambulisho alikuwa nacho mfukoni. Studio iliyotupiga picha siku ya harusi ilikuwa mtaa uleule. Simu yangu walininyang'anya wale wenye bendera nyeusi kabla hata vita havijatufikia. Nimewauliza jamaa zake, jirani zake, mpaka kinyozi wake. Kila mtu anamkumbuka, hakuna aliye naye.

MUWAFFAQ: Hakupenda kupigwa picha, marehemu. Alikuwa akisema pua yake inafika kabla yake.

HASNA: Ilikuwa inafika. [kicheko kifupi] Sasa sikia. Juzi nimemkuta Rua ameikata kalenda ya duka la mjomba wake, ile yenye mwanamume anayetangaza chai. Ameibandika juu ya kitanda. Namuuliza, "Huyu nani?" Akaniambia, "Baba."

MUWAFFAQ: Ya Rabbi.

HASNA: Mtu wa chai, Muwaffaq! Ana meno meupe, nywele zimechanwa. Nikamwambia baba yako hakuwa hivyo. Akasema, "Basi nionyeshe alivyokuwa." Ningemwonyesha nini?

MUWAFFAQ: [anavuta pumzi] Mtoto hana kosa.

HASNA: Ndipo nikakumbuka baraza lenu. Lile la kwenye mtandao, la wafuga njiwa. Alikuwa haishi kulisema: leo nimeweka njiwa wangu Sultana, leo nimeweka Abu Taji, watu wa Basra wamenisifu. Nikasema, kama alikuwa akiweka picha kila wiki, basi humo yumo.

MUWAFFAQ: Mama Rua, baraza lile lilikwisha zamani—

HASNA: Halikwisha. Nimeliona. Limekaa kama nyumba iliyohamwa, lakini mlango uko wazi. Mtoto wa dada yangu alinifungulia kwenye simu. Nikamkuta Dhanun humo, mada zake zote, kwa jina lake. Nikabonyeza.

MUWAFFAQ: Ikakudai shukrani.

HASNA: Ikanidai shukrani! "Mgeni mpendwa, picha zimefichwa. Jisajili, kisha mshukuru mwenye mada ndipo zifunguke." Huo ustaarabu wa nani?

MUWAFFAQ: Ni mimi niliyeuweka. Nilikuwa mwangalizi wa baraza. Watu walikuwa wakija, wanatazama njiwa wa wenzao, wanaondoka kama wezi wa viatu msikitini, bila hata neno. Nikasema, asiyeshukuru asione.

HASNA: Basi nikajisajili. Nikamshukuru. Nilikaa na ile simu, kaka, nikamwandikia mume wangu: "Mungu akujaze heri, ndugu mwenye mada, kwa njiwa wako wazuri." Nikatuma. Picha zikafunguka. Unajua nilichoona?

MUWAFFAQ: Visanduku vya kijivu.

HASNA: "Picha hii haipo tena." Sanduku chini ya sanduku. Mwaka mzima wa masanduku! Na chini ya kila sanduku, yale maneno yake, ule ubeti—

MUWAFFAQ: "Njiwa hurudi nyumbani, angatupwa nchi mbali—"

HASNA: "—na mwenye njia moyoni, hana haja na dalili." Ubeti umebaki. Yeye hayupo. Kwa nini, Muwaffaq? Maneno yamebakije na picha zikaondoka?

MUWAFFAQ: Kwa sababu picha hazikuwa mle. [mkwaruzo] Unanipata? Baraza lilikuwa dogo, halikuweza kubeba picha. Tulikuwa tukiziweka kwenye tovuti nyingine, ya bure, halafu barazani tunaandika anwani tu. Ni kama kupanga mali kwenye ghala la jirani. Siku jirani akifunga ghala lake, wewe unabaki na ufunguo.

HASNA: Na jirani akafunga.

MUWAFFAQ: Akafunga. Alitoa tangazo, eti kila mtu aje achukue vyake. Wakati huo nilikuwa kambini napanga foleni ya maji. Nani alikuwa na intaneti?

HASNA: Basi kamera yake? Zile picha kubwa zenyewe?

MUWAFFAQ: Kamera ilikuwa ya dukani kwangu. Kadi yake ndogo, ikijaa tunafuta ili tupige wengine.

HASNA: Hajji Ghanim ameniambia ulitoka Mosul na kitu umekishonea kwenye pindo la kanzu.

MUWAFFAQ: Ghanim na ulimi wake!

HASNA: Ni kweli au si kweli?

MUWAFFAQ: Ni kweli. Flashi ya kompyuta. Kazi zangu za dukani.

HASNA: Na njiwa wa Dhanun wamo? Muwaffaq. Kwa Mungu. Wamo?

MUWAFFAQ: Wamo.

HASNA: Alhamdulillahi! Alhamdulillahi Rabbi! Hebu ngoja, ngoja nikae chini. Sasa kwa nini ulikuwa unanizungusha, kaka? Moyo wangu—

MUWAFFAQ: Usishukuru bado, shemeji.

HASNA: Nitaacha vipi? Yumo! Nakumbuka akiniambia, "Leo Muwaffaq amenipiga picha nimemshika Sultana, nimevaa fulana ya buluu." Alimshika, siyo?

MUWAFFAQ: Alimshika.

HASNA: Kifuani?

MUWAFFAQ: Kifuani, ndiyo. Lakini—

HASNA: Basi kama njiwa yuko kifuani, uso uko juu yake! Nitumie hiyo. Hata kama ameharibu kwa kufumba macho, nitumie.

MUWAFFAQ: Mama Rua, nisikilize. Palikuwa na sheria barazani.

HASNA: Sheria gani tena?

MUWAFFAQ: "Njiwa ajaze picha." Mtandao ulikuwa mzito, picha kubwa haifunguki, na tovuti ile ikikataa kitu kipana. Kwa hiyo kila picha ilipunguzwa mpaka iwe kama kiganja. Sasa ukipunguza picha yenye mtu mzima na njiwa, njiwa anakuwa kama inzi. Macho hayaonekani, wala rangi ya shingo. Wafugaji wanalalamika, "Sisi tumekuja kuona njiwa au kuona shemeji yetu?" Kwa hiyo kabla ya kupunguza—

HASNA: Kabla ya kupunguza?

MUWAFFAQ: Tulikuwa tunakata.

[Mkwaruzo.]

HASNA: Mlikuwa mnakata nini?

MUWAFFAQ: Pembeni. Na juu.

HASNA: Juu.

MUWAFFAQ: Alikuwa akikaa kando yangu pale dukani, ana kikombe chake cha chai, na mimi nina kipanya mkononi. Namwambia, "Baba Rua, nani anataka kuiona pua hii?" Anacheka. Anasema, "Kata, kata, isije ikamtisha Sultana."

HASNA: Wewe ulikata.

MUWAFFAQ: Mimi nilikata.

HASNA: Na ile nzima, kabla hujaikata? Hukuiweka?

MUWAFFAQ: Nilihifadhi juu yake. Ndogo juu ya kubwa, kwa jina lilelile, ili kompyuta isijae. Ndiyo ilikuwa kazi yangu kila Ijumaa baada ya swala. Watu wamesimama foleni na ndege wao.

HASNA: Zote?

MUWAFFAQ: Zote.

HASNA: Hapana, subiri. Subiri! Zile za jicho! Alikuwa akisema mnapiga jicho la njiwa peke yake, mnalisogelea mpaka linakuwa kama bakuli, na ndani yake mtu anajiona kama kwenye kioo. Aliniambia hivyo, wallahi, alisema, "Hasna, ndani ya jicho la Sultana kuna mtu."

MUWAFFAQ: Yuko mtu, kweli.

HASNA: Basi!

MUWAFFAQ: Shemeji, mtu anayeonekana ndani ya jicho ni yule aliye mbele yake. Mwenye kamera. Ni mimi. Mle ndani nipo mimi.

[Mlio wa mtandao.]

MUWAFFAQ: Haloo? Mama Rua?

HASNA: Nipo. [kwa sauti ya chini] Baba yangu alikataa kunioza kwake, unajua? Alisema ushahidi wa mfuga njiwa haukubaliwi mbele ya kadhi, anapanda juu ya paa na kuchungulia nyumba za watu. Dhanun akamjibu, "Mzee, mimi nikiwa juu natazama juu."

MUWAFFAQ: [anacheka, anakohoa] Ndiye huyo. Ndiye yeye kabisa.

HASNA: Wale wa bendera nyeusi walipopiga marufuku ufugaji wa njiwa, usiku uleule aliwagawa wote kwa watu wa ng'ambo ya mto. Na baada ya nyumba kuanguka, wakarudi. Wakazunguka pale juu, wakazunguka. Hawakuona paa la kutua. Mpaka leo sijui walikwenda wapi.

MUWAFFAQ: Innaa lillahi.

HASNA: Sasa hizo ulizo nazo zina nini? Niambie kama unavyoziona. Ni ndege mtupu?

MUWAFFAQ: Ndege, na... Tulikuwa tukilikunjua bawa, ili manyoya yahesabike. Lazima mtu alishike bawa.

HASNA: Nani alilishika?

MUWAFFAQ: Yeye.

HASNA: Kwa hiyo mkono upo.

MUWAFFAQ: Mkono upo. Vidole hasa, na kidogo cha kiganja. Kwenye moja naona mpaka saa.

HASNA: Saa ya ngozi, ya kahawia?

MUWAFFAQ: Ya kahawia.

HASNA: Na ukucha wa dole gumba? Una alama nyeusi? Aliubana kwenye mlango wa tundu, haukuota sawa tena.

MUWAFFAQ: Ngoja nifungue... [mkwaruzo] Siwezi kusema, shemeji. Ni ndogo mno. Nikiikuza inavunjika, inakuwa vigae vigae. Naona kitu cheusi. Huenda ni ukucha. Huenda ni kivuli cha unyoya.

HASNA: Usiikuze.

MUWAFFAQ: Siikuzi.

HASNA: Nikimwonyesha Rua mkono, nitamwambia nini? Yeye ana mtu mzima ukutani, anayecheka, ana kikombe cha chai.

MUWAFFAQ: Sijui, dada yangu. Wallahi sijui. Kuna jamaa mmoja Kirkuk, aliwahi kuchora—

HASNA: Kuchora nini, na hamjui? Hapana. [mlio mfupi, mara mbili] Hilo ni salio langu. Linakwisha.

MUWAFFAQ: Kata, nikupigie mimi—

HASNA: Usinipigie. Rua anapanda ngazi, ametoka shule. Sitaki anikute hivi. Nitumie tu, kwa namba hii.

MUWAFFAQ: Zote?

HASNA: Ile yenye saa. Na nyingine zote. Na, Muwaffaq—

MUWAFFAQ: Naam?

HASNA: Ukituma, usizikate tena.

MUWAFFAQ: Hakuna tena cha kukata, Mama Rua. Haloo? Hal—

[Simu imekatika.]