Mzee Gia Moja Anashuka Kwenye Trekta

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya kuendesha trekta la msitu wetu wa uwindaji, Mzee Gia Moja anastaafu. Safari hii ni kweli. Tulishamuaga mara mbili huko nyuma, mara ya kwanza hadi soda zikafunguliwa, na mara zote mbili kesho yake asubuhi alionekana bandani akipima oili. Meneja alikuwa amesema mzee haondoki mpaka trekta jipya lichaguliwe, na sisi wa kamati ya kuchagua tulikuwa hatuelewani hata kidogo. Basi mzee wa watu akawa anastaafu huku anaendelea na kazi, kama mgeni aliyekwisha kuaga mlangoni halafu mvua ikamrudisha ndani.

Nimepewa mimi kuandika ukurasa huu kwa sababu karani wa ofisi anasema hakuna anayemjua mzee kunizidi. Hapo karani hakukosea. Shule niliiachia njiani, hesabu za sehemu ndizo zilizonitoa darasani, lakini niletee injini iliyokufa nitaikalia mpaka ikohoe. Mimi ndiye fundi mkuu hapa. Siku moja mkanda wa feni ya trekta ulikatika bondeni, nikaufunga kwa soksi za mgeni aliyekuja kuwinda swala, na zile soksi zilizungusha feni mpaka msimu ukaisha. Mgeni alirudi kwao na viatu vitupu, na sijasikia kwamba alilalamika.

Mzee aliingia hapa akiwa kijana, kazi yake kufyeka vijia kwa panga. Dereva wa kwanza alipohama, trekta likabaki bandani bila mwenyewe, na kati ya wafyekaji wote ni yeye tu ambaye hakuruka nyuma lilipowashwa. Akapewa. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kwa kugonga, na mihimili ya lile banda ina kumbukumbu zake mpaka leo.

Kwa wenzetu wa ofisi kuu ambao msitu wanauona kwenye kalenda tu, nieleze kidogo. Msitu wa uwindaji haujitunzi. Wageni wanakuja wanakuta vijia visafi, njia pana za kuzuia moto, viwanja vya kunde na mtama katikati ya miti ili swala na nguruwe pori watoke kula, wanadhani Mungu ndiye aliyepanga hivyo. Mungu aliotesha. Aliyefyeka, akalima, akavuta kila mti ulioangukia njiani, ni Gia Moja.

Jina lilitokana na mwendo wake. Wageni wenye haraka walikuwa wakimpita na magari yao wanampigia honi, wengine wanamwuliza kama hilo trekta linatembea au linaota mizizi. Hakuwajibu. Baadaye kidogo aliwakuta mbele, gari limezama hadi milangoni, akashuka, akafunga mnyororo, akawavuta. Vilevile hakusema kitu, na kule kutosema ndiko kulikowauma.

Mambo niliyoyaona naye nikiyasimulia watu huniambia napiga chumvi. Mwaka fulani nguruwe pori dume, mkubwa kama sofa, alilala katikati ya kijia. Mzee akazima injini amsubiri aamke. Kusubiri kule na yeye akasinzia. Nilipokwenda kumtafuta niliwakuta wote wawili wanakoroma, kwa zamu, mmoja akimaliza mwenzake anapokea. Msimu mwingine nyuki walijenga chini ya kiti chake. Akafanya nao kazi mpaka wakahama wenyewe. Hawakumgusa. Walinigusa mimi, nilipoinama kuangalia boksi la gia, na siku hiyo nilikimbia nikaupita uzio wa mashariki bila kuugusa. Uzio wenyewe upo, atakayetaka kuupima aje.

Lakini mambo ya kuchekesha yalipungua miaka ya karibuni. Trekta lilizeeka, mzee naye, na nikisema ukweli banda zima lilikuwa limechoka. Kulikuwa na kidato cha chuma cha kupandia upande wa kushoto. Kisiki kikaking'oa. Nikakichomelea, kisiki kingine kikaking'oa, nikachomelea tena kwa namna ambayo meli ingeweza kutia nanga pale, kikang'oka pamoja na kipande cha bodi. Tukaacha. Mzee akakata gogo fupi, akalitoboa, akalifunga kamba kwenye kiti. Akitaka kushuka analiteremsha kwanza, analikanyaga. Akipanda analivuta juu kama mtu anayeteka maji.

Na kazi hii, ndugu zangu, ni ya kushuka. Watu wanafikiri dereva wa trekta anakaa. Anashuka kufungua geti, anapanda, anapita, anashuka kulifunga. Anashuka kuondoa tawi, kunasua majani yaliyojisokota kwenye mashine ya kufyekea, kufunga tela, kuona kama jiwe lile ni jiwe au ni kobe. Mzee alishuka hivyo miaka yote, na miaka yote ikaingia kwenye goti la kulia. Likavimba kama boga. Asubuhi moja mkewe alikuja karakana, akasimama mlangoni na kanga yake mabegani, akanitazama nikichomelea bawaba.

"Shemeji," akasema, "wewe si ndiye bingwa wa vyuma? Hili goti la mwenzako nalo utalichomelea lini?"

Nikazima mashine ya kuchomelea. Akaniambia anachotaka ni kimoja tu: mumewe arudi nyumbani angali anaweza kutembea hadi mlangoni kwa miguu yake. Kamati imalize kuchagua. Kama trekta ni gumu hivyo kuchagua, akasema, yeye alichagua mume kwa dakika chache, na ni huyo huyo wanaomng'ang'ania.

Yaliletwa matrekta ya kujaribu. La kwanza lilikuwa kubwa, lenye kibanda cha vioo cha kupandiwa kwa ngazi ndefu, kiyoyozi na redio. Nililipigania mimi, na Meneja alinielewa, kwa sababu lilikuwa trekta la kupigia picha. Bandani lilipendeza. Msituni, kabla ya kona ya kwanza, lilikuwa limeacha vioo vyote vya pembeni kwenye matawi. Ili lipite ingebidi tukate miti pande zote mbili za kila kijia, mgeni aje kuwinda barabarani. La pili lilikuwa fupi na jembamba, la mashamba ya matunda, likapenya kila mahali kama paka, mpaka lilipokalia kisiki kwa tumbo, magurudumu yote manne yanazunguka hewani. Tulilivuta kwa trekta la zamani, nalo lilivuta huku linakohoa kwa dharau. La tatu lilikuwa la katikati. Halikuwa na kibanda, lina fremu ya chuma ya kumkinga dereva likipinduka, unailaza ukipita chini ya matawi. Tumboni lina bamba la kuzuia visiki. Kidato chake kiko chini lakini kimening'inizwa kwa mpira mgumu, kikigonga kisiki kinajikunja na kurudi. Rangi yake siitaji. Ni kama ya uji uliomwagika.

Tulijadiliana vikao kwa vikao. Meneja anataka kubwa kwa ajili ya wageni. Mhasibu anataka dogo kwa sababu linaingia bandani bila kuvunja mlango. Mimi nilitaka kubwa, baadaye la tatu, halafu nikarudi kwenye kubwa. Kila kikao mzee aliitwa, anaingia anachechemea, anaulizwa, anajibu neno lilelile: bado natazama. Watu wakaanza kunong'ona kwamba hataki kuondoka, anavuta siku makusudi. Maneno yalimfikia. Alikunywa chai yake akamaliza, akasuuza kikombe, akaomba ajaribishwe mtu mwingine badala yake.

Mtu huyo ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa msaidizi wa mzee na ndiye anayepokea usukani. Vipaji vya ufundi katika ukoo wetu havina siri, kwa hiyo hapo sina la kuongeza. Mzee alimwambia afanye asubuhi ya kawaida. Sio maonyesho. Geti, tawi, mashine kunasa, geti. Siku moja na trekta kubwa, siku ya pili na la tatu. Lile fupi, tangu lilipokalia kisiki, lilikuwa limejitoa lenyewe. Yeye akakaa juu ya gogo lake kivulini, goti amelinyoosha. Kamati tulisimama tukipiga miayo. Jua lilikuwa kali, hakuna kilichokuwa kinatokea, na Meneja alikuwa amefumba macho akisema anafikiri.

Na trekta kubwa, mpwa wangu alishuka kila penye haja mpaka jua lilipopanda. Baada ya hapo akaanza kupita juu ya matawi madogo. Baadaye na ya wastani. Mwishoni mashine ilinasa majani, akageuka kitini, akanyoosha mkono nyuma kuyavuta huku shafti, ule mhimili wa chuma unaozungusha mashine na unaoweza kumeza mkono, bado inazunguka.

Mzee alipiga kelele. Mimi sijawahi kumsikia akipaza sauti, hata siku ya yule nguruwe. Binti akazima.

"Mjomba, sikuona kama kuna ubaya," mpwa wangu akaniambia. "Nilikuwa nimechoka kushuka tu."

Kesho yake, na la tatu, alikuwa bado anashuka mpaka tulipomwita kula.

Wengi tulidhani mzee atasema, mmeona? Hakusema hivyo. Alisimama mbele ya Meneja, kofia mkononi, akasema jambo ambalo mtu anayengoja kuagwa kwa heshima halazimiki kulisema. Alisema mwaka huu wote na yeye alikuwa ameacha kushuka. Kijia cha bondeni kuna matawi ameyakanyaga badala ya kuyaondoa. Shafti iliyokatika kabla ya mvua, ile ambayo fundi mkuu alisifiwa kwa kuiunga, aliikata yeye, kwa kupita juu ya gogo alilokuwa ameliona. Na mkono, akasema, ameunyoosha mara nyingi kama alivyounyoosha huyu binti. Hakuwa anavuta siku. Alikuwa anatafuta trekta ambalo mtu akichoka bado atashuka, na hakujua ataelezaje bila kujitaja.

Mhasibu alitazama viatu vyake. Meneja akamwambia kwa upole, "Mzee, chukua hilo la rangi ya uji. Halafu nenda nyumbani." Kikao kikaisha hivyo, wima, kivulini, bila kumbukumbu kuandikwa.

Trekta lilifika. Mzee alikaa nalo wiki hizi za mwisho akimwelekeza mpwa wangu, yeye akiwa pembeni amekalia tela. Jana jioni akaomba alirudishe bandani mwenyewe. Alikuja taratibu, gia ileile. Akazima. Tulijipanga kumshika mkono, maana mazoea ni mazoea. Hakuona mikono yetu. Aliweka mguu kwenye kidato, akaweka mwingine chini, akawa amefika. Akasimama pale akitazama kidato kwa muda, halafu akamkabidhi mpwa wangu ufunguo. Mkewe alikuwa getini. Waliondoka wakitembea, kwa mwendo ambao hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kuwapigia honi.

Trekta la zamani limebaki nyuma ya karakana. Nimeahidi kulifufua, na mnanijua. Gogo mzee ameliacha, ndilo nililolikalia nikiandika haya, na nakubali kwamba ni gumu kuliko lilivyokuwa likionekana.

Kwa niaba ya Meneja, Mhasibu, walinzi wa msitu, wapishi wa kambi, na swala wote ambao hawakujua kunde zile zililimwa na nani: asante, Mzee. Tunakutakia viti vifupi, vizingiti vya chini, na asubuhi nyingi zisizokuwa na geti. Tawi likianguka njiani usiamke. Kaa. Sisi tutashuka.