Neva ya Dada Sindano

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda cha Kiraka, fundi viatu, mahali ambapo jua la asubuhi halifiki lakini kahawa inafika. Dada yake Kiraka, fundi cherehani tunayemwita Sindano, aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo, ikaondoka na masikio yake. Mwaka jana alipandikizwa kifaa cha kusikia: waya mwembamba wenye ncha nyingi ndani ya sikio, na kidude kingine nje. Sauti akawa anazipata, ila maneno yanamponyoka. Asubuhi hiyo aliitwa hospitali ili wapime kama neva yake ya kusikia, mshipa unaopeleka sauti kwenye ubongo, ingali hai. Kiraka alikuwa akishona kisigino ambacho tayari alikuwa amekishona.

— Neva inapimwaje? aliuliza Kinyozi. Haina uzito.

— Wanapitisha umeme kidogo kwenye ule waya, alisema Kiraka. Ni kama kuipigia hodi. Ikiwa hai inajibu, na waya uleule unalinasa jibu.

— Na ikikaa kimya?

— Hilo ndilo nisilotaka kulijua.

Volti, anayetengeneza redio na simu, aliweka kikombe chini.

— Kimya si kufa. Yaweza kuwa kutu. Kichwa kina unyevu. Mimi ningempaka spiriti kwa pamba.

— Umpake wapi? aliuliza Kiraka.

— Hapo ndipo utaalamu unapoanza.

— Mimi nimenyoa vichwa maisha yangu yote, alisema Kinyozi. Neva ya kusikia inapita kisogoni, inashuka mpaka mguuni. Ndiyo maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Kwa hiyo wampime goti? aliuliza Volti.

— Kama wako makini, waanzie kidoleni.

— Wahenga pia walisema sikio la kufa halisikii dawa, alisema Volti.

— Ndiyo maana wakampa umeme, alisema Kinyozi.

Kiraka hakucheka.

— Huyu ndiye aliyenilea, alisema. Tangu augue, mimi ndiye masikio yake. Sokoni mimi, kwa wateja mimi. Nikifumba macho leo, nani atamsikilizia?

Kinyozi alimwongezea kahawa, kisha, kwa kuwa kimya humshinda, akasema:

— Ikiwa imekufa, wamwekee ya mbuzi.

— Ya mbuzi kawekewe wewe, alisema mtu nyuma yetu.

Tuligeuka. Alikuwa Dada Sindano, mkoba begani. Alikuwa amemjibu Kinyozi bila kuuona mdomo wake.

Kiraka alisimama, kiatu kikamponyoka.

— Wa-me-se-ma-je?

— Usinitanulie mdomo. Neva imejibu. Sehemu kubwa ni nzima, ila upande mmoja umechoka. Wamezima ncha za waya za upande huo, wakarekebisha zilizobaki. Maneno bado yana mikwaruzo, lakini ni maneno.

Kiraka aliketi, akajifuta macho kwa kitambaa cha kung'arishia viatu. Rangi nyeusi ikabaki shavuni. Hakuna aliyemwambia.

Dada Sindano akajipenyeza katikati yetu, akapokea kikombe.

— Mwaka mzima nashona nyuma ya ukuta huu, alisema, kumbe nyinyi huku mnaijadili neva yangu. Mbona hakuna aliyewahi kuja kuniuliza mimi?

Volti alimtazama Kinyozi. Kinyozi alifunua birika, akachungulia ndani. Kahawa ilikuwa imekwisha.