Mzee Magome na Kisu cha Mipini Miwili

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza baba yetu, familia imenipa mimi, binti yake na mtoto wake wa pili, kazi ya kuwasomea historia ya maisha yake, nami nimekubali kwa sharti moja, kwamba nikifika pahali pa kucheka nisizuiwe, kwa sababu marehemu mwenyewe hakupenda msiba unaonuna.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Magome, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika chumba cha nyuma cha nyumba ya babu yetu, akiwa wa tatu kati ya watoto watano. Alianza shule ya msingi iliyo nyuma ya soko mwezi Januari 1959, akamaliza darasa la saba mwezi Novemba 1965, na huko kwa ushahidi wake mwenyewe alikuwa hodari wa hesabu na mzigo kwa kwaya.

Mwaka 1966 alikwenda kuishi kwa mjomba wake, aliyetengeneza ngozi uani kwa njia za zamani, na huko ndiko alikojifunza kulaza ngozi kwenye maji ya majivu hadi manyoya yalegee, kuikwangua juu ya gogo kwa kisu kirefu chenye mipini miwili, kuiosha mpaka majivu yaishe, kisha kuizamisha katika maji ya magome ya miti ya miwati, yanayoifanya ngozi isioze, mepesi kwanza na makali baadaye, kwa miezi na miezi, huku akiyaonja kwa ulimi kama mpishi anavyoonja mchuzi. Tarehe 4 Januari 1971 aliajiriwa katika kiwanda cha ngozi, kitengo cha kuondoa manyoya, akadumu hapo miaka kumi na mitano, hadi dawa za kiwandani zilipomchubua mikono na kumwachia kikohozi sugu, akaacha kazi tarehe 30 Septemba 1986, akanunua mapipa manne ya plastiki na kurudi kwenye majivu na magome, akisema kiwanda kina haraka mno, kimeanza kutengeneza hadi ngozi yake yeye.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, aliyemkubali kwa ahadi kwamba ataoga kabla ya kuvuka kizingiti, na mapipa yalipokuja akaongeza sharti kwamba yakae nyuma ya ukuta wa jiko, na yote mawili marehemu aliyatimiza, isipokuwa siku za mvua. Walijaliwa watoto wawili, kaka yangu, ambaye ni dereva wa lori, aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 1981, na mimi, niliyezaliwa tarehe 27 Aprili 1984 na kunuka magome hata darasani.

Hapa naomba nisome polepole. Mwezi Juni 2011 marehemu alisafiri siku tisa kwenda kumzika dada yake, akaniachia ngozi kumi na moja za mbuzi, oda ya fundi viatu, zikiwa zimekaa kwenye maji ya magome kwa miezi mitano, na siku ya tatu pipa likapasuka. Mimi kwa ujuaji wangu nikazihamishia kwenye pipa zuri la chuma nililoazima kwa jirani, bila kulikagua ndani, na kila anayeijua kazi hii anajua kwamba maji ya magome yakikutana na kutu hugeuka wino. Baba aliporudi alikuta ngozi zote nyeusi tititi. Hakufoka, alisema tu, “Mkono wako usiingie tena kwenye ngozi zangu,” akaenda kuoga.

Katazo hilo lilidumu zaidi ya miaka kumi. Tulikula pamoja, tulitaniana, nilipopata kazi ya ukarani aliniombea heri, lakini habari ya mapipa haikutajwa, kwa kuwa yeye alikuwa mkaidi na mimi ni mtoto wake, na maji hufuata mkondo. Nyumbani kwangu nilikuwa naloweka ngozi mojamoja kwenye ndoo kwa siri, ingawa nadhani alikuwa akiisikia harufu kila nilipompa mkono.

Tarehe 9 Februari 2022 marehemu alipatwa na kiharusi kilichoulegeza mkono wake wa kulia na kumwachia maneno machache sana, na mama akanipigia simu akisema, “Njoo uangalie mapipa ya baba yako, mimi siyajui na wala siyapendi.” Nilikuja, lakini niliogopa, sikutaka kuvunja neno la mzazi aliyelala hospitalini, wala sikutaka ngozi zioze, basi nikawa nazigeuza kwa fimbo, kwa hoja kwamba katazo lilitaja mkono. Hofu yangu, naisema wazi mbele yenu, ilikuwa kwamba baba ataondoka bila kunipa radhi, na sasa hata maneno ya kunipa hiyo radhi hanayo.

Alirudi nyumbani tarehe 17 Februari, akaniona na fimbo yangu, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Siku mbili baadaye aliomba kwa ishara asogezwe karibu na gogo, ambapo ngozi mbili zilikuwa zimetoka kwenye maji ya majivu, akashika mpini mmoja wa kile kisu kwa mkono wake wa kushoto, akauacha wa pili ukining'inia upande wangu. Niliushika, na kuanzia siku hiyo tulikwangua pamoja kwa miaka mitatu, yeye kushoto na mimi kulia, akinikemea kwa kukohoa kila nilipokandamiza mno. Kaka yangu alinitania kwamba mzee alihitaji mkono tu, na kwamba mpini ule angempa hata msoma mita za maji, nami nilicheka, lakini shaka ile nililala nayo na kuamka nayo.

Mwezi Januari 2025 figo zake zilianza kushindwa, akalazwa tangu tarehe 6 hadi tarehe 20, kisha madaktari wakaturuhusu kumtunza nyumbani, kwenye kitanda kilichotazama dirisha la uani. Asubuhi ya tarehe 22 Mei 2025 nilikuwa nimeketi karibu naye, sitaki kuondoka, na wakati wa kugeuza ngozi ulikuwa umeshapita, jambo lililomkera waziwazi. Alinivuta mkono, akaunusa, akaelekeza kidole dirishani kwenye mapipa, akasema, “Zako.” Nikamwuliza kama ni ngozi anazozisema, akarudia, “Zako,” kisha akanipungia mkono kwa ukali wake wa kawaida, yaani niache kuzubaa, niende. Nilikwenda, nikaingiza mikono yote miwili hadi kwenye viwiko, nikazigeuza zote sita, na niliporudi nikichuruzika maji mekundu ya magome nilimkuta mama akimfumba macho, saa nne na dakika ishirini, marehemu akiwa na umri wa miaka sabini na minne, miezi miwili na siku nane. Watu wamenipa pole kwamba sikuwepo dakika ile. Nashukuru, lakini nilikuwa pale aliponituma.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mtaalamu wa mazoezi aliyevumilia kukoromewa, wafanyakazi wenzake wa zamani wa kiwandani, na majirani waliostahimili harufu yetu kwa karibu miaka arobaini bila kutushtaki. Tunamshukuru pia fundi viatu, ambaye jana, katika kutoa pole, alikiri kwamba zile ngozi nyeusi baba alimuuzia, viatu vyake vikagombaniwa, na kila alipoomba nyingine marehemu alimjibu kwamba rangi ile anaijua binti yake peke yake, siri waliyoitunza yeye na baba kwa miaka kumi na minne, na tungemshukuru zaidi kama angeropoka mapema.

Baba, umeumwa vya kutosha na umefanya kazi vya kutosha. Pumzika kwa amani, nasi tuliobaki tumeshusha pumzi.