Aida Simbeye, Mdadisi Aliyetufuata Majarubani

Ndugu waombolezaji, mimi ni Gwantwa, mke wa mdogo wake marehemu, na nimesimama hapa kuwasomea maisha ya wifi yangu, Aida Fanueli Simbeye, kazi ambayo kwa desturi yetu angepewa mwanamume, lakini marehemu aliagiza nisome mimi, na mnamjua, hata alipokuwa hai alikuwa habishiwi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa Kamsamba, mtoto wa kwanza wa Mzee Fanueli, akahitimu darasa la saba mwaka 1986, na kwa kuwa hakuchaguliwa kuendelea alirudi shambani. Tarehe 12 Oktoba 1996 alifunga ndoa na Bwana Clement Siame wa Tunduma, wakajaliwa watoto wawili, Brenda na Clever, na akiwa na watoto hao hao mgongoni na mkononi alisoma masomo ya jioni, akafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2001, mwaka ambao shemeji Clement anasema alikula mboga nyingi zisizo na chumvi.

Alifundisha kisomo cha watu wazima mjini Tunduma, na kuanzia mwaka 2012 akawa mdadisi wa tafiti, akipanda bodaboda hadi Galula na Mkwajuni kuwauliza watu kama bado wanajifunza.

Mwaka 2021 utafiti wa elimu ya watu wazima ulifika hapa kwetu, na darasa letu la jioni la pale kanisani lilikuwa linasubiri matokeo yake ili ijulikane kama litaendelea kupewa mwalimu. Wifi alimuuliza baba yake, kama mkuu wa kaya, nani anasoma humu, naye akajibu hakuna, kwa maana hakujua, nasi wakamwana zake tulikuwa tumeketi kando na kanga kichwani, kwa sababu mkamwana hapazi sauti mbele ya baba mkwe. Kila nyumba ilikuwa hivyo hivyo, na wifi, binti aliyelelewa vizuri, aliandika alivyoambiwa, lakini moyo ulimsuta, akamwomba msimamizi wake ruhusa ya kurudia, akatufuata kwenye majaruba ya mpunga, akamuuliza kila mmoja peke yake. Mimi nilimwambia, "Wifi, mbele ya baba ningeitoa wapi sauti?" Alicheka, akaandika kwamba ninasoma, na darasa halikufungwa.

Mwaka 2023 marehemu alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa Vwawa na baadaye Mbeya, hadi tarehe 9 Juni 2025 alipofariki nyumbani kwake Tunduma, akiwa na umri wa miaka 54, na pengo hilo linatuuma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Tunduma, Wakristo kwa Waislamu, waliopika na kukesha nasi, ndugu waliovuka mpaka kutoka Zambia, na wadadisi wenzake.

Baba mkwe wangu ameketi pale mbele, na aliposikia agizo la mwanawe alisema, "Asome, nitamsikiliza." Wifi, darasa lile ndilo lililonifundisha kusoma karatasi hii, na leo nimeisoma kwa sauti, baba akisikia. Pumzika kwa amani.