Fundo la Kumi na Mbili la Bwana Kamba

Wasomi wamejaa katika ukoo huu, lakini kalamu wamenitupia mimi niliyeishia darasa la pili. Haya. Wasifu huu nimeuandika mwenyewe, na binti wa marehemu anayewasomea nimeshamwambia: ukibadilisha neno langu hata moja, nitasimama hapo hapo kaburini nikusahihishe.

Marehemu mdogo wangu alizaliwa Jumamosi tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa pili na wa mwisho wa mchoma matofali. Mgongo uliombeba ni huu wangu. Alisoma mpaka darasa la saba. Nafasi ya shule ilikuwa ya mmoja, nikamwachia. Sidai kitu, nataka tu ijulikane.

Mwaka 1968 alianza uashi, akajenga miaka arobaini na miwili. Mafundi wengine huamini macho, yeye aliamini kamba. Haikukosekana mfukoni mwake, hata harusini, ndipo wakamwita Bwana Kamba.

Harusi hiyo ilikuwa mwaka 1976, alipomwoa wifi yangu, mshona magodoro. Walipozeeka walipata vipande viwili katika bustani za pamoja nyuma ya kiwanda cha matofali: wifi namba nane, yeye namba tisa. Pale kila Jumamosi saa mbili asubuhi mtu husimama penye kipande chake na kutoa taarifa: kilichoota, kilichonyauka, kilicholiwa na konokono. Taarifa bila shahidi haiandikwi. Kipande kikikosa taarifa Jumamosi moja tu, Jumatatu jembe la mwingine linaingia.

Bwana Kamba alipanda kabichi kwa kamba, mistari kama ukuta. Wifi alitupa mbegu za maboga akaziacha zizurure zitakavyo.

"We fundi, mboga haijengwi!" alimwambia mbele za watu.

"Ipo siku boga lako litafuata kamba yangu."

"Labda nife kwanza."

Watu walicheka. Nami nilicheka, nimekaa kwenye kigoda changu nyuma ya kigoda chake.

Wifi alifariki Alhamisi tarehe 16 Januari 2025. Jumamosi iliyofuata mdogo wangu alisimama penye namba nane, akasema, "Udongo umelala."

Mwenyekiti wa bustani, mama muuza mbegu, alimwambia kwa upole, "Baba, aliyekufa hapalilii."

"Andika."

Akaandika. Jumamosi kumi udongo ulilala. Tarehe 29 Machi ukachomoza mche wa boga ambao hakuna aliyeupanda. Mdogo wangu aliuangalia, akakaa kitako chini kama mtoto.

Siku tatu baadaye mapafu yake, yaliyokula vumbi la saruji maisha yote, yalimlaza. Alinipa kamba ikiwa imeshafungwa mafundo kumi na moja. Nilihesabu kwa vidole vyote vya mikono na kimoja cha mguu.

"Dada, kila Jumamosi upime fundo moja. Usiongeze, usipunguze."

Nikaenda. Tarishi mwenye kipande namba saba, shahidi wangu, alishika ncha penye shina, mimi nikaivuta kamba. Mche ulikuwa umefika fundo la kwanza. Jumamosi ya pili, la pili. Haukupinda kutafuta jua wala maji. Ulikwenda umenyooka, ukapita kati ya kabichi bila kugusa hata jani, ukielekea vigoda vyetu.

"Mama mkubwa," tarishi aliniambia, "mimi nashika kwa heshima yako tu."

"Shika kwa mikono. Heshima haipimi kitu."

Tarehe 14 Juni mche ulifika fundo la kumi na moja, na fundo hilo liliangukia kwenye mguu wa kigoda chake. Kikono cha mche kilikuwa kimeuzunguka mara tatu, kimekaza. Saa nne nilirudi nikamweleza.

"Amefuata kamba," alisema, akatabasamu. Nikamwekea kamba kiganjani. Saa tano akakata roho.

Mkono wake wa kulia, ulioshika kamba, ulikosa nguvu tangu Mei. Wa kushoto niliushika mimi mpaka mwisho. Kiganja nilikikunjua mwenyewe nikahesabu tena: vidole vyote vya mikono, na viwili vya mguu. Niiteni mzee, msiniite mwongo. Hilo la kumi na mbili sikulifunga mimi, na halikuwepo asubuhi.

Nimekwenda kupima peke yangu. Linaangukia kwenye kigoda changu.

Ameacha dada mmoja, binti mwalimu, mwana mchomeleaji vyuma, wajukuu watano na vipande viwili vya bustani. Alale salama mdogo wangu, palipopimwa vizuri.

Sasa nisikilizeni. Leo Ijumaa tunazika, kesho ni Jumamosi. Tarishi ameniambia, "Mama mkubwa, kamba ile siishiki tena hata unipige." Bila shahidi namba nane na tisa zinakwenda kwa wengine, na mche wa wifi unang'olewa. Nami nitaketi kwenye kigoda changu kama kawaida, maana sijawahi kumpisha mtu kiti, sembuse boga.

Mliokula kabichi zake, mnaolala ndani ya kuta zake: namtaka mmoja wenu, saa mbili kamili, penye shina. Maua msilete. Leteni mkono wa kushika ncha ya pili.