Bi Kasi na Mtandao Wake: Historia ya Dada Yetu

Ndugu waombolezaji, wafanyakazi wenzake marehemu, wanafunzi wake, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi kwenye viti hivi vya kukodi, familia imenipa mimi, mdogo wake anayemfuata kuzaliwa, fundi wa majokofu, kazi ya kusoma historia ya maisha yake, na nimeipokea kwa sababu sikuwa na pa kuikwepea, ingawa shemeji yangu ameniomba nisome yaliyoandikwa tu, nisiongeze ya kwangu, jambo ambalo sikumwahidi.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1967, katika nyumba za wafanyakazi wa simu, chumba cha pili kutoka bombani, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu wa baba yetu, aliyekuwa mwunganishaji wa simu, na mama yetu, aliyekuwa mshona nguo. Mama alipokuwa na nguo nyingi za kushona, baba alimchukua dada kazini, akamkalisha chini ya meza yenye matundu na nyaya, na huko alikuwa akisikia siku nzima watu wakiambiwa subiri, laini imejaa, subiri kidogo, mpaka siku moja akamuuliza baba kwa nini watu wanasubirishwa hivyo, naye baba akamjibu kwamba waya ni mmoja na wenye maneno ni wengi. Mama alikuwa akisema kwamba tangu siku ile mtoto yule aligombana na neno subiri, na hawakupatana tena.

Alipata elimu ya msingi kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, katika shule iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1986, ambako alikuwa wa kwanza katika hesabu na wa mwisho kufika mstarini, kisha akajiunga na chuo kikuu na kuhitimu shahada ya uhandisi wa umeme mwaka 1991, na kuanzia mwaka 1993 alisoma nje ya nchi kwa ufadhili, akarudi mwaka 1998 akiwa daktari wa falsafa, ingawa bibi yetu, mpaka alipofariki, aliendelea kumwonyesha goti lake linalomuuma. Alichosomea, kwa jinsi alivyonieleza mimi mara nyingi tukiwa mezani, ni namna ya kufanya kompyuta zilizo mbalimbali zipeane mizigo mikubwa kwa kufumba na kufumbua, bila kukwama na bila kupoteza hata chembe njiani, na kila alipoona sijaelewa alinichorea bomba kwenye kitambaa cha meza, mke wangu akanuna.

Wanafunzi wake walimwita Bi Kasi, na jina hilo sisi wa nyumbani lilituvunja mbavu, maana dada yetu akiingia bafuni ungeweza kwenda sokoni ukarudi ukamkuta bado anaimba, na kula kwake kulikuwa kwa kuihurumia kila punje, ila ukimgusa kwenye mambo ya mtandao hapo ndipo ungejua jina lile limetoka wapi, kwa sababu alikuwa anazungumza mpaka anaishiwa pumzi.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na shemeji yetu huyu mnayemwona amekaa pale na miwani mkononi, mpima ardhi, mtu mpole kuliko sisi tuliomwozesha, na wakajaliwa watoto wawili, wa kwanza binti, aliyezaliwa mwaka 2000, ambaye sasa ni mfamasia, na wa pili mvulana, aliyezaliwa mwaka 2004, ambaye yuko chuoni. Harusi ile ilirekodiwa video na mpiga picha wa mtaani, kuanzia bibi harusi anapovishwa viatu hadi mjomba anaposhindwa kumaliza hotuba, ndefu ya kuchosha, na naomba muikumbuke video hiyo kwa sababu nitairudia.

Kazi aliianza mwaka uleule wa 1998, akiwa mhadhiri katika chuo kikuu cha hapa, na hapo ndipo alipoanza kuiomba serikali fedha za utafiti wa mtandao wa kasi, na hapo pia ndipo danadana zilipoanza. Mara ya kwanza aliulizwa kama hiyo intaneti si ipo tayari, mara ya pili akaambiwa wazo ni zuri ila fungu halipo, mara ya tatu fungu lilikuwepo ila aliyelielewa wazo amehamishwa, na kila mara alirudi nyumbani, akavua viatu, akasema haya, tuandike upya. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2003, kompyuta moja yenye nguvu iliyonunuliwa kwa fedha za utafiti ilichukuliwa kwa muda kwenye ofisi ya mkubwa mmoja, na muda huo haujaisha mpaka leo, na dada alipokwenda kuiulizia aliikuta inaonyesha mpira, watu wamejaa, akakaribishwa kiti.

Jambo hilo lilimkaa moyoni, na tarehe 17 Juni 2010, serikali ilipokubali hatimaye kugharamia awamu ya kwanza, yaani mkongo wa mawasiliano kutoka maabara yake hadi chuo kikuu cha jiji la pili, pamoja na mashine za pande zote mbili, yeye mwenyewe, kwa mkono wake, aliandika sharti kwamba mtandao ule utabeba data za utafiti peke yake, kwamba kitu kingine chochote, kiwe cha nani, kitahitaji kibali cha kamati ya wizara, na kwamba mashine haitatuma kitu kipya wala kuacha kutuma cha zamani mpaka mkuu wa mradi aidhinishe. Wizarani walimsifu sana kwa sharti hilo, walisema ni mfano wa kuigwa, na sisi tulifurahi kwamba safari hii hakuna atakayeangalia mpira humo.

Mtandao ulifunguliwa tarehe 5 Machi 2012, na kwa kuwa ulihitaji mzigo mzito wa kujaribia, usio siri ya mtu na usio mali ya kampuni yoyote, dada alitia ile video ya harusi yake, na kamati ikaipa kibali. Tangu siku hiyo, kila asubuhi maabara inapofunguliwa, harusi inaondoka chumba kimoja, inapita chini ya barabara, chini ya mashamba na reli, inafika chumba kingine jiji la pili, inapokelewa, inahakikiwa kipande kwa kipande kama imefika nzima, kisha inafutwa ili kupisha ya kesho. Shemeji alikuwa akijisifu kwamba hakuna mwanamume aliyeoa mara nyingi kama yeye, na kwa mke yuleyule, na dada akimsikia alimwambia ashukuru kwamba haijapotea hata chembe.

Lakini moyo wake haukuwa kwenye harusi, ulikuwa kwenye awamu ya pili, ambayo ni kuunganisha hospitali, aliyoiombea fedha kuanzia mwaka 2015, akianza na hospitali iliyo ng'ambo ya barabara, ambayo ukisimama mlangoni pa maabara unaona manesi wakianika mashuka. Ombi lilipigwa kalenda, likarudishwa libadilishwe jina, likabadilishwa jina, waziri akabadilishwa, likarudishwa tena, na mwezi Juni 2019 fedha za awamu ya kwanza zenyewe zikaisha, kamati ikaacha kukaa kwa kuwa haikuwa na fungu la kukalia, na mashine zikabaki zinafanya kazi kwa sababu tu chuo kiliendelea kulipa umeme.

Mwezi Februari 2022 dada alianza kuumwa kichwa na kuona vitu viwiliviwili, akatutania kwamba mshahara nao angeuona mara mbili, na tarehe 3 Mei alilazwa katika hospitali hiyohiyo ya ng'ambo ya barabara, akapigwa picha za ndani ya kichwa, na daktari wa wodi akatuambia bila kuzunguka kwamba kuna uvimbe, kwamba hapa hauwezi kuguswa, na kwamba daktari bingwa wa upasuaji aliye jiji la pili ni lazima azione picha zote, nzima, kabla ya kusema lolote. Laini ya hospitali ilijaribu kuzituma ikakatika, ikajaribu tena ikakatika, zikapigwa picha kwa simu na kutumwa hivyo, na bingwa akajibu kwamba anaona kivuli ila haoni mpaka wake, na kwamba kichwa cha mtu hakipasuliwi kwa kubahatisha.

Wanafunzi wake walikuja wodini, wakasimama mguuni pa kitanda, wakamwambia mwalimu, tupe hizo picha kwenye flashi, tuvuke barabara, uidhinishe tu kwa simu yako, maji ya chai hayatachemka kabla picha hazijafika, na wenzetu wa kule watampelekea bingwa mkononi. Dada akawaambia wakaombe kibali. Wakamwambia kamati haipo, akawaambia basi waombe wizarani, na waliomba siku hiyohiyo, wakajibiwa kwa heshima zote kwamba ombi limepokelewa, kwamba aliyepo hawezi kukaimu kamati, na kwamba wasubiri.

Mimi nilimwambia dada maneno ambayo hayasomeki mbele ya watu wazima, na shemeji alimshika mkono, na binti yake alilia pale pale, na yeye akatuambia taratibu, kama anavyokula, kwamba ombi la hospitali linasubiri kamati mpya, kwamba sharti lile aliliandika mwenyewe, na akilivunja kwa ajili ya kichwa chake, wizarani watapata sababu ya kulikataa waliyokuwa wanaitafuta, na wagonjwa wa hospitali zote watabaki na laini hizi zinazokatika. Nilimkasirikia, na niseme ukweli, hata sasa hivi nikiwa nimesimama hapa bado nimemkasirikia, maana nilikuwa namwona dada yangu akifa kwa utaratibu, na sikuwa na mtu wa kumshika shati, kila niliyemgeukia alikuwa mtu mwema asiye na mamlaka.

Nilitia flashi kwenye mfuko wa shati nikapanda basi, nikafika jiji la pili, mtaalamu wa kule akaichomeka, akanigeuzia kompyuta yake nione mwenyewe, ndani kulikuwa na orodha ya majina ya picha, picha zenyewe hazikuwemo, aliyenakili alikuwa amekosea, naye si mtu mbaya, alikuwa peke yake zamu nzima. Nilirudi, zikanakiliwa upya, nikakaa mbele ya kompyuta mpaka nilipoziona kwa macho yangu, nikapanda basi tena, na safari hii zilifunguka, bingwa akaziangalia zote, kisha akaniambia mleteni leo, msingoje kesho, nami nikapiga simu wodini palepale.

Tarehe 21 Mei 2022, asubuhi, dada yetu alipandishwa kwenye gari la wagonjwa, shemeji akaingia akakaa naye, na gari lilipofika getini, kabla mlinzi hajamaliza kuinua kizuizi, dada akafariki dunia. Geti hilo linatazamana na maabara. Wanafunzi wake wameniambia kwamba saa ile walikuwa ndio wamefungua mlango, na harusi ilikuwa inapita chini ya barabara, chini ya magurudumu ya gari lile, ikaenda, ikafika nzima. Nimemuuliza bingwa kama picha zingewahi dada yangu angepona, na hakusema ndiyo, wala hakusema hapana, akanishika bega, na hilo nalo nimelibeba kwenye basi.

Familia inatoa shukrani kwa daktari na manesi wa wodi, kwa daktari bingwa, kwa dereva wa gari la wagonjwa, aliyesimama pale getini na kulia nasi kama ndugu, kwa majirani waliopika na kulala chini kwa ajili yetu, kwa uongozi wa chuo, na kwa wanafunzi wake, ambao wamebeba jeneza tangu asubuhi na wamekataa kupokewa. Tunamshukuru pia ofisa aliyetumwa na wizara, ambaye tumeambiwa hahusiki na kamati, na tunaamini hivyo, na tunamwomba tu afikishe kwa atakayehusika, siku akipatikana, kwamba ombi la hospitali bado liko kwake, na kwamba mwenye kulifuatilia hatakuja tena kugonga mlango.

Jana wanafunzi walimfuata shemeji, wakamuuliza kama angependa ile video isimamishwe, kwa heshima ya msiba, naye akasema ndiyo, moyo wake haumudu, wakaenda kuisimamisha, mashine ikawataka idhini ya mkuu wa mradi. Mkuu wa mradi ndiye huyu tunayemzika. Kwa hiyo leo asubuhi pia dada alivishwa viatu, mjomba alishindwa kumaliza hotuba, na harusi ikafika jiji la pili bila kupotea chembe, ikafutwa, na kesho itaondoka tena, na hakuna hata mmoja wetu hapa anayeweza kuizuia, wala anayeweza kupitisha njia hiyo picha ya kichwa cha mgonjwa aliyelala kwenye kitanda chake leo.

Pumzika kwa amani, dada yangu. Njia hii haina kamati, nenda.